Kasoro ya Uzito

Jedwali la kasoro lilikufa kifo cha aibu. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajitaja, alilipanga upya kwa kufuata safu moja tu, ile ya majina, akaziacha nyingine zilivyokuwa. Kasoro zikabaki palepale, wenye kasoro wakahama. Kwa siku kadhaa mchoraji wa kurasa alikuwa akiulizwa kwa nini seva inazimika, na mtu wa seva akawa anakuna kichwa juu ya kitufe cha kijani kilichotakiwa kuwa cha bluu. Walipogundua walicheka mpaka machozi. Kisha wakaacha kucheka, maana hapakuwa na njia ya kurudisha kila kosa kwa mwenyewe.

"Basi hilo jedwali nimelizika," alisema Mkurugenzi kwenye kikao cha asubuhi. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na wote walimwita Mama. "Sasa ama tujenge mfumo wetu wenyewe wa kufuatilia kasoro, ama tukodi wa watu. Sitaki mabishano ya wiki nzima hapa. Mtu mmoja akae, achunguze, aje atuambie. Atakachosema ndicho tutakachofanya."

"Bi Rudia," walisema watu watatu kwa mpigo.

Bi Rudia alikuwa mkuu wa majaribio. Kampuni ilitengeneza programu ya zahanati: muuguzi anaingiza umri na uzito wa mgonjwa, programu inapiga hesabu ya dawa, printa inatoa lebo ya kubandika kwenye chupa. Kabla programu haijatoka ofisini ilipita mikononi mwake. Hakuwa na haraka, wala hakupandisha sauti. Mtu akimletea lalamiko, neno lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Rudia. Ulianza na nini?" Walimtania hata jikoni. "Bi Rudia, sukari imeisha!" "Umefunua kopo lipi? Rudia." Lakini akisema kitu ni kibovu, hakuna aliyebisha, na akisema ni kizima, watu walikwenda nyumbani wakalala.

"Sawa, Mama," alisema. "Hao wanaokodisha watamtuma nani aje kutuonyesha?"

Mkurugenzi alitazama karatasi zake kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Mtu tunayemjua. Tayari."

Chini, kwenye duka la vioo, lori lilikuwa linashusha mzigo, na kama kawaida kila mtu alishika kikombe chake mpaka mtetemo ukapita. Bi Rudia aliandika jina hilo kwenye kona ya karatasi yake, akaikunja kona, asionekane amebadilika uso. Moyoni lakini kitu kilikuwa kimesimama wima.

Tayari alikuwa mwandishi wa programu hapohapo, meza ya dirishani. Jina hilo walimpa kwa sababu ukimuuliza kazi imefika wapi, jibu lilikuwa moja, hata kama hajaigusa. Kijana wa watu, mcheshi, mwenye kukumbuka siku za kuzaliwa za wenzake. Bi Rudia ndiye aliyemfundisha kuandika ripoti ya kasoro alipokuja hajui kitu.

Miaka miwili nyuma, Bi Rudia aligundua kasoro katika sehemu ya Tayari. Muuguzi akiingiza uzito wa mtoto na kuuhifadhi, kisha akarudi kuusahihisha, uzito mpya ulionekana kwenye skrini, lakini lebo ilichapishwa kwa uzito wa zamani. Aliiandika jedwalini hatua kwa hatua, kama kawaida yake, na mwisho akaongeza: toleo lisitoke kabla hii haijarekebishwa. Siku moja kabla ya toleo, Tayari aliandika pembeni yake neno lake, tayari. Toleo likatoka.

Mtoto mmoja katika zahanati moja akapewa dawa ya mtu mwenye uzito maradufu. Alilala mchana kutwa hashtuki, mama yake akilia kwenye korido, mpaka muuguzi mmoja alipoitilia shaka lebo. Mtoto alipona. Kampuni nayo ilipona, kwa tabu.

Kwenye kikao cha uchunguzi walilifungua jedwali, na mstari wa Bi Rudia ulikuwa na sentensi moja tu: "Lebo wakati mwingine haiko sawa." Hatua zimeondoka. Onyo limeondoka. Ilikuwa sentensi ya mtu anayekimbilia basi.

"Hii siyo niliyoandika," alisema.

Tayari alimtazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomchoma kuliko yote. "Dada yangu alikuwa amechoka kipindi kile," aliwaambia wenzake kwa upole. "Sote tulikuwa tumechoka. Mimi nilijaribu kuirudia, haikutokea. Ripoti ingekuwa kamili ningeiona."

Jedwali halikuhifadhi nani alibadilisha nini. Bi Rudia akapewa barua ya onyo, na kwa miezi iliyofuata ripoti zake zikawa lazima zipitiwe kwanza na Tayari. Alimpelekea, mikono miwili, ripoti baada ya ripoti, na Tayari akawa anaongeza koma hapa na pale, anasema, "Hapo sasa, Dada. Unaona?" Baadaye Tayari alipata kazi nzuri mahali pengine. Walimkatia keki. Bi Rudia alikula kipande chake akakimaliza.

Sasa alikuwa anarudi, na safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

*

"Tujenge, Dada," alisema Mpole. Mpole ndiye mtu wa hifadhidata, na alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kazi mpya. Akiinusa kazi mpya hashikiki. "Mfumo wa kasoro ni nini? Fomu moja, orodha moja, kitufe cha kufunga. Nipe wiki mbili tu nikuwekee mezani."

"Anza," alisema Bi Rudia. "Nataka kuona."

Alitaka kuona kweli. Kulinganisha bila kujaribu hakukuwa kwenye damu yake. Lakini alijua pia kwamba ameshaanza kuomba Mungu Mpole aweze.

Mpole alianza kwa kishindo. Fomu ilisimama siku hiyohiyo. Kisha mchoraji akataka kubandika picha za skrini. Picha zikataka mahali pa kukaa. Mtu wa seva akataka kupelekewa ujumbe kasoro ikiwa yake. Ujumbe ukataka anwani, anwani zikataka maneno ya siri, na watu wakaanza kusahau maneno ya siri. Mpole akaacha kunyoa ndevu. Sehemu ya chanjo, ambayo zahanati zilikuwa zinaisubiri kwa hamu, ilikaa kwenye mashine yake haijaguswa.

"Inaendeleaje?" Bi Rudia alimuuliza.

"Vizuri sana. Ina kasoro ndogondogo tu."

"Unaziandika wapi?"

Mpole alitazama dari. "Kwenye lile jedwali," alisema.

"Tulilolizika."

"Nimelifukua kidogo, Dada."

Bi Rudia alicheka licha yake mwenyewe, lakini alirudi mezani akiwa mzito. Alikuwa pia ameujaribu ule mfumo wa kukodi, kwa jina la mgeni, kwa siku kadhaa mfululizo. Aliupiga huku na huku akitafuta pa kuulaza chini. Ulikawia kidogo hapa na pale, na rangi zake zilikuwa mbaya. Lakini ulikuwa na jambo moja lililomfanya asukume kiti nyuma: kila ukibadilisha neno, lile la kwanza lilibaki chini yake, na jina lako, na wakati. Alijaribu kulifuta akashindwa. Alijaribu kwa mlango wa mbele na wa nyuma, akashindwa tena. Chini ya ukurasa wa maelezo palikuwa na jina la aliyebuni sehemu hiyo, na alikuwa Tayari.

Mwizi alijua kufuli gani halivunjiki. Alikuwa amelijifunza kwenye mlango wa Bi Rudia, na sasa analiuza.

*

Dada yake mkubwa alikuwa na saluni, na huko ndiko Bi Rudia alikopeleka mambo yasiyopelekeka ofisini. Alikaa chini ya mikono yake, kichwa kimeinama, akasimulia yote.

"Kwa hiyo riziki ya huyo bwana iko mikononi mwako," alisema dada yake.

"Mkataba tu. Nasikia wasipotupata sisi, wanapunguza watu kwenye idara yake."

"Mdogo wangu! Na bado unafikiri?" Alivuta msuko. "Mnyoe. Mnyoe kavu, bila maji."

"Uu, unaniumiza."

"Tulia. Yeye alipokuvisha kilemba cha uzembe mbele ya watu, alitulia akafikiri?" Akavuta mwingine. "Andika wajenge wenyewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Mfumo wake ni mzuri, Dada. Tukijenga wetu, chanjo zinachelewa. Kuna wauguzi kule wanaandika chanjo za watoto kwenye vipande vya karatasi."

"Wewe ndiyo maana walikuonea," alisema dada yake, kisha akauliza kwa sauti nyingine: "Hivi unataka nini hasa? Afukuzwe?"

Bi Rudia alifikiri. Swali zuri lilistahili jibu la kweli. "Nataka aseme," alisema. "Mbele yao. Kwa mdomo wake. Akishasema, akale maisha."

"Hatasema."

"Basi hatakula."

Tayari mwenyewe alipiga simu siku iliyofuata. Sauti ilikuwa ileile, ya asali. "Dada yangu! Nasikia wewe ndiye hakimu wetu. Nikafurahi, nikasema, pale hakuna upendeleo."

"Karibu," alisema Bi Rudia.

"Dada, nisikufiche. Huku mambo ni magumu. Mkataba huu ukiniponyoka, sijui."

"Ile kasoro ya uzito," alisema Bi Rudia taratibu. "Nani alibadilisha maneno yangu?"

Akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Dada, hayo yamepita. Mtoto alipona. Tuyafukue ya nini?"

"Nimekuuliza nani."

"Nilikuwa na hofu. Umefurahi? Nilikuwa mgeni kazini, nina mke mjamzito. Nimekwambia wewe, yaishe."

"Mimi nilikuwa najua. Waambie wasiojua."

"Siwezi kusimama mbele ya mteja nikajivua nguo, Dada. Hata wewe usingeweza."

"Basi tutaonana kwenye kikao," alisema Bi Rudia, akakata simu.

Mchana huo aliandika mapendekezo. Aliandika vizuri, kwa ile lugha yake iliyonyooka ambayo kila mtu aliiamini. Kule kukawia kidogo kwa ule mfumo akakuita ukawivu wa kutia wasiwasi. Wiki mbili za Mpole akaziacha ziitwe wiki mbili. Kuhusu lile jambo moja, la maneno yasiyofutika, hakutia chumvi wala hakudanganya, alilinyamazia tu. Mwisho akaandika: tujenge wenyewe. Alipoyasoma tena aliona kazi ya mkono usio wake, na aliufahamu: ni kama ule uliofuta maneno yake. Jina lake zuri, alilolilea miaka yote kwa kusema ukweli mdogomdogo usiompendeza mtu, lilikuwa linakwenda kulipia hili moja. Akasema moyoni liende. Akayachapisha, akayatia kwenye jalada.

*

Tayari alikuja na shati jeupe na projekta yake mwenyewe. Aliwasalimia wote kwa lakabu zao, akamwambia Mpole amenenepa, akauliza habari za mtoto wa mchoraji. Kufika kwa Bi Rudia akatoa mkono, na mkono ulikuwa na jasho.

Alionyesha vizuri. Watu walianza kutikisa kichwa kwa kukubali, hata Mpole, ambaye alikuwa na sababu zake za kununa.

"Na sasa jambo ninalojivunia," alisema Tayari. "Nyinyi mmeteswa na lile jedwali. Humu, kilichoandikwa kimeandikwa. Ukibadilisha, la zamani linabaki, na jina la aliyebadilisha. Bosi hawezi kulifuta. Sisi wenye mfumo hatuwezi. Na kasoro anaifunga aliyeiripoti peke yake, siyo aliyeirekebisha. Mwandishi wa programu hawezi kujifungia mwenyewe."

"Hilo ni wazo zuri," alisema Mkurugenzi. "Ulilipata wapi?"

"Uzoefu tu, Mama."

Bi Rudia alikuwa ameshika jalada kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na shoka. Lakini alipolisikia neno lile, uzoefu, akaona kwamba shoka lile lingemkata Tayari leo, na kesho Tayari angewasimulia watu kwamba alinyimwa mkataba na mwanamke mwenye kinyongo. Na angekuwa anasema kweli. Aliona pia, polepole, kama anavyoona kasoro, kwamba yule bwana alikuwa amekuja na kufuli lake mwenyewe na amelifungua mezani.

Aliliweka jalada mbele yake, wazi kila mtu alione.

"Mapendekezo yangu yako humu, sijayasoma bado," alisema. "Kabla sijayasoma, naomba tuone kasoro moja ya kweli ikiingia. Siyo mfano. Tumeshafunguliwa akaunti?"

"Nimewafungulia leo asubuhi," alisema Tayari. "Hii itakuwa kasoro nambari moja."

"Niweke mimi kama mripoti. Nitasoma, wewe uandike."

Tayari alikaa. Alikuwa ameshaelewa, ilionekana mabegani. Bi Rudia alianza, bila kupandisha sauti.

"Hatua ya kwanza. Ingiza mtoto mpya, weka uzito, hifadhi. Hatua ya pili. Rudi, sahihisha uzito, hifadhi. Hatua ya tatu. Chapisha lebo. Kilichotarajiwa: dawa kwa uzito mpya. Kilichotokea: dawa kwa uzito wa zamani. Toleo lisitoke kabla hii haijarekebishwa."

Vidole vya Tayari vilitembea kwenye vitufe, na maneno yakawa yanapanda ukutani, makubwa, meupe. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mchoraji alimtazama Mpole, Mpole akatazama sakafu.

"Inamhusu nani?" aliuliza Bi Rudia.

Tayari aliandika jina lake.

"Hatua iliyochukuliwa?"

Tayari akaandika: Ilidhaniwa kuwa imerekebishwa.

"Nani alidhani?"

"Dada..."

"Hatujahifadhi bado. Futa, uandike upya. Bado yanafutika."

Kishale kilimeta ukutani, kikazimika, kikameta. Tayari aligeuka akamtazama Mkurugenzi, na kama alitegemea kuokolewa, hakuokolewa. Mama alikuwa amevua miwani.

"Mimi nina swali," alisema Mama kwa ile sauti yake ya chini. "Siku ile nilisoma sentensi moja kwenye jedwali. Kwa sentensi ile nikamwandikia mtu barua. Nani aliiandika?"

Tayari alitazama jalada mezani. Alitazama projekta yake. Mtu angeweza kumwona akipiga hesabu, na Bi Rudia hakumharakisha. Alimngoja kama anavyongoja printa. Mwishowe Tayari akafuta aliyoandika, akaandika tena, sasa kwa vidole viwili, kama mtu anayejifunza: Niliifunga bila kuigusa. Maelezo ya mripoti niliyafuta mimi, nikaandika yangu.

"Hifadhi," alisema Bi Rudia.

Alibofya. Pembeni pakatokea jina lake na wakati.

"Ahsante," alisema Bi Rudia. Hakufungua jalada. "Mapendekezo yangu ni kwamba tukodi. Mfumo wetu ungetuchukua miezi, siyo wiki. Mpole atanisamehe, ana chanjo za kumaliza. Na huu nimeona kwa macho yangu kwamba kilichoandikwa humu hakitoki."

"Mimi nakubali," alisema Mpole haraka mno, akiwa mwekundu wa macho kwa kukosa usingizi. "Nakubali kabisa."

Mkurugenzi alivaa miwani. "Barua ile nitaiandikia nyingine," alimwambia Bi Rudia. "Na nitaisoma hapa, mbele ya wote."

"Nitashukuru, Mama."

Karatasi zake Bi Rudia alizichana mwenyewe, vipande vidogo, kwenye kapu la chini ya meza. Hizo hakuna aliyehitaji kuziona.

Tayari alimkuta kwenye ngazi, projekta kwapani. Sauti ya asali ilikuwa imekauka. "Umepata ulichotaka," alisema. "Sasa ifunge, Dada. Ile kasoro ilirekebishwa zamani, wewe mwenyewe unajua. Ikibaki wazi, mfumo utanitumia ukumbusho kila Jumatatu, mimi na mkuu wangu. Na wewe peke yako ndiye unayeweza kuifunga."

"Siwezi kufunga kitu sijakijaribu."

"Si ujaribu leo!"

"Nitajaribu," alisema Bi Rudia. "Nenda salama. Msalimie mkeo."

Na alijaribu kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichofanya. Mchana, wenzake walipokuwa wamekwenda kula, aliingiza mtoto mpya, akaweka uzito, akahifadhi, akarudi akausahihisha. Lebo ikatoka printani, bado ya moto, na dawa ilikuwa sahihi kabisa. Akaishika akaisoma yote, akaibandika kwenye ukingo wa skrini yake. Kitufe cha kufunga kilikuwa pale, cha bluu, kinangoja. Bi Rudia akakitazama kwa muda, kwa utulivu wake wote, kisha, bila kukigusa, akafungua kasoro nambari mbili na kuanza kazi.